Kwa nini ng'ombe aliyewahi kuumizwa hushtushwa hata na vitu visivyo na ubaya

Msomaji wa Rungwe, mkoani Mbeya, anayefuga ng'ombe wachache wa maziwa kwa kuwalishia bandani, ameuliza swali ambalo nimeona linastahili jibu refu. Ng'ombe wake mmoja, aliyekuwa mpole kuliko wenzake wote, alikatwa pembe miezi minane iliyopita na mtu aliyevaa koti jeupe, akiwa amefungwa kamba na kulazwa chini, bila dawa ya ganzi. Tangu siku hiyo hushtuka akiona koti jeupe, na hilo msomaji analielewa. Asilolielewa ni kwamba sasa hushtuka pia akiona mfuko mweupe wa mbolea uliotundikwa ukutani, au mtoto aliyejifunga shuka jeupe, na husita hata ndoo ya kukamulia ikiletwa kutoka upande asioutarajia. Maziwa yamepungua. Anauliza: je, ng'ombe huyu anakumbuka, au amekuwa mwoga tu? Kumbukumbu moja ya hofu inaweza kweli kumfanya mnyama avihukumu vibaya vitu ambavyo havijawahi kumdhuru? Na ndama aliyemo tumboni, atazaliwa na woga huo?

Ndugu msomaji, anakumbuka, na pia amekuwa mwoga, na hayo ni mambo mawili tofauti yanayofanana sana kwa macho. La kwanza ni kwamba kumbukumbu ya tukio fulani husambaa na kuvigusa vitu vinavyofanana na vile vilivyokuwapo siku ya tukio. La pili ni kwamba hali nzima ya mnyama hubadilika, akawa mwepesi wa kutarajia mabaya kila anapokutana na jambo lisiloeleweka vizuri, hata kama jambo lenyewe halifanani kwa lolote na lile lililomuumiza. Mfuko mweupe wa mbolea unaweza kuelezwa na la kwanza. Ndoo inayotokea upande usiotarajiwa haina koti wala weupe wa kumkumbusha lolote, nayo ndiyo inayonifanya nidhani kwamba la pili limeanza. Nitayatenganisha kwa makini, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya jingine, na wafugaji wengi hupoteza miezi wakimzoesha mnyama koti jeupe wakati tatizo lake limeshavuka mipaka ya koti.

Tuanze na kusambaa kwa kumbukumbu. Mwaka 1956, Guttman na Kalish, katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, waliwafunza njiwa kudonoa kitufe kilichowaka kwa mwanga wa rangi moja ili wapate chakula, kisha wakawaonyesha rangi nyingine ambazo hawakuwahi kuziona katika mafunzo. Njiwa hawakuzikataa rangi hizo mpya moja kwa moja, wala hawakuzichukulia zote kuwa sawa na ile ya kwanza: kadiri rangi ilivyokaribiana na ile waliyofunzwa ndivyo walivyoidonoa zaidi, na kadiri ilivyotofautiana nayo ndivyo walivyopunguza, hatua kwa hatua, pasipo mpaka mkali. Njiwa wale walikuwa wakitafuta chakula, lakini mteremko wa namna hiyo huonekana vilevile pale mnyama anapojifunza kuogopa. Mnyama hahifadhi picha kamili ya kitu kimoja ili akilinganishe na kila kinachokuja; huhifadhi sifa zake, na kila chenye baadhi ya sifa hizo huamsha sehemu ya hofu ileile. Kwa ng'ombe wako, weupe ni sifa mojawapo, kitambaa kinachopepea ni nyingine, na mtu anayeinama karibu na kichwa ni nyingine tena.

Upana wa mteremko huo, yaani umbali ambao hofu itasafiri kutoka kwenye kitu chenyewe hadi kwenye vinavyofanana nacho, hutegemea sana ukali wa tukio. Jambo hili limeonyeshwa vizuri na utafiti uliofanywa Bengaluru, India, na Ghosh na Chattarji, na kuchapishwa mwaka 2015. Panya wa maabara walisikilizishwa milio miwili, mmoja ukifuatiwa na mshtuko wa umeme na mwingine usiofuatiwa na chochote. Mshtuko ulipokuwa hafifu, panya walijifunza kutofautisha: waliganda kwa hofu waliposikia mlio wa hatari, na waliposikia ule mwingine walitulia. Mshtuko ulipokuwa mkali, waliganda kwa milio yote miwili. Watafiti hao walikuwa wakipima kazi ya seli za neva katika amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi ambayo ndiyo kiini cha kujifunza hofu, nao waliona kwamba seli nyingi zilizokuwa zikiitikia mlio mmoja tu zilikuwa zimeanza kuitikia yote. Maana yake ni kwamba maumivu makali hayaongezi tu kiasi cha hofu, bali hupunguza pia uwezo wa ubongo wa kusema kwamba hiki ni hiki na kile ni kile. Ng'ombe aliyekatwa pembe bila ganzi, akiwa amelazwa kwa nguvu, amepitia maumivu ya namna hiyo.

Muda nao huchangia, na kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Tungedhani kwamba baada ya miezi minane kumbukumbu ingefifia na hofu ipungue. Wiltgen na Silva walionyesha mwaka 2007 kwamba panya wadogo walioshtuliwa kwa umeme ndani ya kizimba fulani waliweza, siku chache baadaye, kutofautisha kizimba hicho na kingine, lakini baada ya wiki kadhaa waliganda karibu sawasawa katika vizimba vyote viwili. Kilichofifia kilikuwa undani wa kumbukumbu, yaani mahali, sura na mpangilio wa vitu, huku hofu yenyewe ikibaki. Kwa hiyo ukiona kwamba orodha ya vitu anavyoviogopa ng'ombe wako imerefuka miezi ilivyokwenda, usidhani kuna mtu anamtesa kwa siri. Hutokea hivyo hata pasipo tukio jipya lolote.

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na methali hiyo inaeleza sawasawa haya niliyoyaandika mpaka hapa: unyasi una urefu na wembamba wa nyoka, nao hutikisika. Lakini kuna jambo ambalo methali haikuligusa. Aliyeumwa na nyoka, akiwa bado ana maumivu na halali vizuri, aweza pia kusita kula chakula asichokizoea, kuvuka daraja ambalo jana alilivuka, au kumwamini mgeni aliyebisha hodi. Hapo hakuna mfanano wowote na nyoka. Kilichobadilika ni kipimo anachotumia kupimia kila jambo lenye utata.

Utafiti wa jambo hili la pili kwa wanyama ulipata njia yake ya kupimia mwaka 2004, pale Harding, Paul na Mendl wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walipochapisha jaribio ambalo bado nalihesabu kuwa miongoni mwa majaribio yaliyobuniwa vizuri zaidi katika taaluma hii. Waliwafunza panya kwamba wakisikia mlio fulani wabonyeze wenzo wapate chakula, na wakisikia mlio mwingine wasiubonyeze, kwa sababu wakiubonyeza watapigiwa kelele mbaya. Panya walipokwisha kujua, baadhi yao waliwekwa katika makazi yasiyotabirika: mara matandiko yamelowa, mara kizimba kimeinamishwa, mara ameletwa panya mgeni, mara mpangilio wa mwanga na giza umegeuzwa. Hakuna hata kimoja cha vituko hivyo kilichohusiana na milio ya mafunzo. Kisha wote wakasikilizishwa milio iliyokuwa katikati ya ile miwili, milio ambayo haikuwa na jibu walilofunzwa. Panya waliotoka katika makazi yasiyotabirika waliubonyeza wenzo mara chache zaidi na kwa kuchelewa, hasa pale mlio ulipokuwa karibu na ule wa chakula. Ule uliokuwa na dalili nyingi za heri waliupokea kama watu wasiotarajia heri.

Tangu hapo njia hiyo imetumika kwa wanyama wengi. Mwaka 2010 timu hiyohiyo ya Bristol ilipima mbwa waliokuwa katika vituo vya kutunzia mbwa wasio na wenyewe. Kila mbwa alijifunza kwamba bakuli likiwa upande mmoja lina chakula na likiwa upande wa pili ni tupu, kisha bakuli likawekwa katikati. Mbwa waliokuwa wakihangaika zaidi wanapoachwa peke yao ndio waliokwenda polepole zaidi kwenye bakuli la katikati. Kwako wewe mfugaji, hata hivyo, utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2013 na Neave na wenzake. Ndama walifunzwa kwa skrini zenye rangi nyekundu au nyeupe: rangi moja ilileta maziwa, nyingine haikuleta. Kisha wakaonyeshwa rangi zilizochanganywa, kabla na baada ya kuchomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto. Baada ya kuchomwa, walizikaribia rangi za mchanganyiko mara chache kuliko walivyofanya kabla. Mwaka uliofuata, kundi hilo la watafiti lilionyesha kwamba ndama waliotenganishwa na mama zao nao walihukumu rangi hizo kwa mwelekeo uleule. Rangi zile hazikuwa na uhusiano wowote na chuma wala na pembe. Ukitafuta ushahidi kwamba kukata pembe kunaweza kugeuza uamuzi wa ng'ombe juu ya mambo mengine kabisa, huo ndio ulio karibu zaidi na tukio lako, ingawa walipimwa muda mfupi baada ya kuchomwa, si miezi minane.

Hata nyuki wamepimwa. Mwaka 2011 Bateson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwafunza nyuki wa asali kutofautisha michanganyiko miwili ya harufu, mmoja ukiambatana na maji ya sukari na mwingine na kwinini chungu, kisha wakawatikisa baadhi yao kwa sekunde 60, kama vile mzinga ungetikiswa na mnyama anayekuja kuuvunja. Nyuki waliotikiswa walikuwa wepesi zaidi kukataa kutoa mrija wa kunyonyea pale walipopewa harufu ya kati iliyokaribiana na ile chungu, na viwango vya dopamini, serotonini na oktopamini, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe katika mfumo wa neva, vilikuwa vimeshuka mwilini mwao. Sisemi kwamba nyuki anahuzunika. Matokeo hayo peke yake hayatoshi kuthibitisha hisia. Lakini yanaonyesha kwamba kugeuka kwa uamuzi baada ya tishio si jambo la wanyama wenye ubongo mkubwa pekee.

Ni haki niseme pia mipaka ya ushahidi huu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti nyingi za spishi mbalimbali, ulithibitisha kwamba mwelekeo huu upo, lakini kwa wastani si mkubwa, nao hutofautiana sana kati ya jaribio na jaribio. Mnyama aliyepungukiwa na hamu ya kula anaweza kuonekana kama anayetarajia mabaya, kumbe hana njaa. Ndiyo maana watafiti makini huangalia kwanza kama bado anakimbilia ishara ya chakula aliyoizoea kwa kasi ileile. Akiikimbilia hiyo na kusita kwenye ile ya kati tu, hapo ndipo tunapoweza kusema kwamba kilichogeuka ni uamuzi.

Kwa nini maumbile yaruhusu jambo linaloonekana kama kosa? Kwa sababu katika mazingira ambamo wanyama hawa walitokea, halikuwa kosa. Chukua swala anayesikia majani yakitikisika. Akikimbia bure, hupoteza nguvu kidogo na tonge la majani. Asipokimbia na kumbe ni chui, hupoteza kila kitu. Tuseme kukimbia kunamgharimu kipimo 1 na kukamatwa kunamgharimu vipimo 100. Hesabu inasema kwamba ni busara akimbie kila mara ambapo uwezekano wa chui unazidi mmoja katika mia, maana yake ni kwamba mara nyingi sana atakimbia upepo, na bado atakuwa ameamua vizuri. Sasa mnyama ambaye juzi amenusurika kucha ana sababu ya kuamini kwamba mahali alipo pana hatari zaidi ya alivyodhani, na akiwa amejeruhiwa gharama ya kosa jingine kwake ni kubwa zaidi. Vyote viwili humshushia kizingiti cha kukimbia. Ng'ombe wako anafanya hesabu hiyohiyo ndani ya banda ambamo hakuna chui, na hana njia ya kujua kwamba koti jeupe halitarudi kesho likiwa na msumeno.

Lakini nisikuache ukidhani kwamba kumbukumbu ya hofu daima huharibu uamuzi. Inaweza kuunoa, na mfano bora ninaoujua uko jirani yetu, Amboseli, nchini Kenya. Tembo wa huko wameishi kwa vizazi na Wamasai, ambao vijana wao mara kwa mara wamewachoma mikuki, na Wakamba, ambao wengi wao ni wakulima na hawana desturi hiyo. Utafiti wa Bates na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tembo walionusishwa nguo iliyovaliwa na mwanamume wa Kimasai walikimbia mbali zaidi, na walichukua muda mrefu zaidi kutulia, kuliko waliponusishwa nguo iliyovaliwa na Mkamba. Walipoona nguo nyekundu safi isiyo na harufu ya mtu, hawakukimbia hivyo. Waliikabili kwa hasira, jambo ambalo hawakulifanya kwa nguo nyeupe. Angalia ufundi wa uamuzi huo: harufu inamaanisha kwamba mtu yupo au amepita karibuni, hivyo ni kukimbia, rangi bila harufu inamaanisha kwamba pengine hayupo. Mwaka 2014 McComb, Shannon na wenzao waliwasikilizisha tembo hao sauti za watu wakisema jambo moja lisilo na tishio, na tembo wakajihami zaidi kwa sauti za wanaume wa Kimasai kuliko za Wakamba, na zaidi kuliko za wanawake na wavulana wa Kimasai. Hofu yao haikusambaa ovyo kwa binadamu wote, ilichujwa.

Linganisha na tembo wa Pilanesberg, Afrika Kusini, ambao wengi wao walinusurika wakiwa wadogo katika mauaji ya kupunguza idadi ya tembo katika hifadhi ya Kruger, nchini humo, kisha wakahamishwa bila wazee wao. Mwaka 2013 Shannon na wenzake walichapisha ulinganisho wa makundi haya mawili. Waliwachezea milio ya tembo wenzao, wengine wanaowafahamu na wengine wageni, wa umri mbalimbali. Wale wa Amboseli walijikusanya na kusikiliza kwa makini pale ilipostahili, mathalani waliposikia mlio wa jike mgeni mzee, ambaye ndiye mwenye nguvu ya kuwasumbua. Wale wa Pilanesberg, miongo baada ya tukio, hawakuonyesha kutofautisha huko. Haiwezekani kutenganisha kabisa mchango wa kitisho chenyewe na ule wa kukosa wakubwa wa kuwafundisha. Kwa maoni yangu vyote viwili vinahesabika, na hicho ndicho kinachonipa tumaini kuhusu ng'ombe wako: mnyama mwenye fursa nyingi za kujifunza tofauti kati ya hatari na usalama, akiwa katikati ya wenzake watulivu, anaweza kuirudishia hofu mipaka yake.

Sasa tuje bandani kwako. Kabla ya lolote, mwite daktari wa mifugo amkague: kovu za pembe, kiwele, kwato, na mdomo. Maumivu yanayoendelea yanatosha yenyewe kumfanya asite mbele ya kila kisicho wazi, na hutamzoesha mnyama hali ambayo mwili wake unamwambia kila saa kwamba ni mbaya. Ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho ungeeleza kwa pamoja kupungua kwa maziwa na kusita mbele ya ndoo, nami ningetaka uondolewe katika orodha mapema.

Akiwa hana maumivu, mjaribu kwa vitu visivyohusiana kabisa na siku ile. Weka njiani kitu kigeni ambacho si cheupe, hakipepei na hakishikwi na mtu, kwa mfano kipande cha gogo au kikapu cheusi, kisha uangalie anachofanya yeye na wanachofanya wenzake. Wote wakinusa na kupita, na yeye akanusa na kupita, hofu yake imebaki katika vinavyofanana na koti. Wenzake wakipita na yeye akagoma kwa muda mrefu, siku moja baada ya nyingine, kwa vitu tofauti, basi hali yake nzima imeinama. Badilisha kitu kila mara, kwa sababu kitu kilekile kikirudiwa huacha kuwa na utata; watafiti wa kondoo wamegundua kwamba hata katika majaribio rasmi wanyama hujifunza haraka kwamba ishara ya kati haileti chochote, na kipimo kikapoteza maana.

Ikiwa ni koti tu, mafunzo ni ya kumtenganishia ishara. Mtu mwenye koti jeupe asimame mbali kiasi kwamba ng'ombe anamwona lakini anaendelea kutafuna, aache mashudu au pumba mahali pa wazi, aondoke. Umbali upungue pale tu mnyama mwenyewe anapokwisha kutulia, na siku ambayo amesimamisha masikio na kuacha kula, rudi nyuma. Usimfunge ili azoee kwa lazima; kufungwa ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe. Zoezi hilo lifanyike katika sehemu kadhaa na kwa watu kadhaa, si katika kona moja na mtu mmoja. Sababu ni kwamba kuzoea hakufuti kumbukumbu ya zamani. Hujenga kumbukumbu mpya pembeni yake, na hiyo mpya, kama tafiti za Bouton, mwanasaikolojia wa Marekani, zilivyoonyesha kwa miaka mingi, hushikamana sana na mahali ilipojengwa. Pavlov mwenyewe, mwanasayansi wa Urusi aliyewafunza mbwa kutokwa mate kwa ishara, aliona kwamba itikio lililokwisha kuzimwa hurudi baada ya muda kupita. Kwa hiyo akishtuka tena baada ya mwezi wa utulivu, usikate tamaa wala usimwadhibu. Rudia hatua chache, na kwa kawaida safari ya pili huwa fupi.

Ikiwa hali yake nzima imeinama, koti lisubiri. Anachohitaji kwanza ni siku zinazotabirika: kukamuliwa saa zilezile, na mtu yuleyule, kwa mpangilio uleule, sakafu kavu ya kulalia, na mwenzake anayemwona. Kumbuka kwamba panya wa Bristol hawakupigwa wala kunyimwa chakula. Kutotabirika kwa mambo madogo kulitosha. Ubongo nao huchukua muda kurudi. Timu ya Chattarji ilionyesha kwamba panya waliobanwa wasijongee kwa saa 2 kila siku kwa siku 10 walikuwa na matawi ya seli za neva yaliyonyauka katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi undani wa mahali na mpangilio, huku yale ya amigdala yakirefuka. Baada ya siku 21 za kupumzika, ya hipokampasi yalikuwa yamerudi, lakini ya amigdala yalibaki marefu. Hata hivyo hakuna sababu ya kuyaona mabadiliko haya kama hukumu ya maisha. Briefer na McElligott walipima mbuzi waliookolewa kutoka katika matunzo mabaya na kuishi miaka zaidi ya miwili katika hifadhi nzuri nchini Uingereza, na mbuzi jike miongoni mwao walikaribia sehemu zenye utata kwa matumaini makubwa kuliko hata wale wasiowahi kuteswa.

Kuhusu maziwa: ng'ombe mwenye hofu hashushi maziwa yote, kwa sababu adrenalini, homoni inayotoka mwilini wakati wa hofu, huzuia kazi ya oksitosini, homoni inayoyasukuma kutoka kiweleni. Katika utafiti wa Rushen na wenzake wa mwaka 1999, kuwapo tu kwa mtu aliyewahi kuwatendea ng'ombe vibaya wakati wa kukamua, bila kuwagusa, kuliongeza maziwa yaliyobaki kiweleni kwa asilimia 70. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sindano, kupima mimba na tiba yoyote yenye maumivu visifanyike mahali pa kukamulia. Tenga kibanio upande mwingine wa boma. Mahali pa kukamulia pabaki bila kumbukumbu ya maumivu hata moja.

Na ndama? Hakuna sababu ya kuamini kwamba atazaliwa akiogopa koti jeupe. Hatari iliyopo ni ya kujifunza kwa kutazama. Katika miaka ya 1980, Mineka na Cook walionyesha kwamba nyani wa aina ya rhesus waliolelewa maabara, ambao hawakuwaogopa nyoka, walianza kuwaogopa baada ya kumtazama mwenzao mmoja akiwaogopa. Ndama akimwona mama yake akiruka kila mtu mwenye koti anapoingia, anaweza kuanza maisha na hofu ambayo hakuilipia. Katika wiki zake za mwanzo, mpelekee mtu mwenye koti jeupe aliyebeba maziwa yake, wakati mama yake hayuko mbele ya macho yake. Na vichipukizi vya pembe zake viondolewe mapema, vikiwa bado vidogo, na daktari aliyekuja na dawa ya ganzi pamoja na dawa ya kutuliza maumivu kwa siku zinazofuata. Mwulize kuhusu dawa hizo siku unapompigia simu, kabla hajaanza safari.